Kutoka tanga kwenda mashine: piga kwanza hesabu ya kurudi

SWALI

Msomaji wa Mkokotoni, Unguja, ameandika hivi: "Nina mashua ya tanga ya futi 38, kazi ya mafundi wa Nungwi. Nami nina miaka 63. Miaka yote nimesafiri nayo pamoja na mke wangu na wanangu: Pemba, Tanga, Mombasa, na tukijaaliwa, Lamu kwenye Maulidi. Sasa mgongo umechoka kupandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, na vijana wa kunisaidia wamepata ajira zao. Mwanangu ananishauri niuze mashua ninunue boti ya faiba yenye mashine mbili za nje, farasi 200 kila moja, anasema Lamu ni safari ya siku moja. Rafiki yangu mmoja anasema nitafute boti ya dizeli ya zamani yenye chumba cha kulala. Mashine ninayoijua mimi ni ile ya farasi 15 ninayoingilia nayo bandarini. Mtu aliyezoea tanga ahamie mashine ya namna gani, na ajiandae kwa lipi?"

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Hama, wakati wake umefika. Foromali ya mashua ya futi 38 inataka mikono ya vijana, na kumtegemea mkeo na mpita njia mmoja kuipandisha bahari ikiwa imechafuka ni kuwatia watu hatarini. Lakini usihamie boti anayoitaka mwanao. Tafuta boti ya dizeli, nzito, ya mwendo wa pole, yenye mashine moja ya ndani na panga la kusukuma maji lililokingwa na mkuku, yaani uti mrefu wa chini ya chombo. Na usikubali kukaa bila mlingoti kabisa. Bakisha mmoja mfupi wenye tanga dogo. Nitakueleza kwa urefu kwa nini, maana nimewaona watu wazima wenye akili zao wakiuza mashua nzuri na kununua chombo ambacho baada ya kusi moja, msimu mmoja wa upepo wa kusini, hawakitamani tena.

Nianze na Maulidi ya Lamu, kwa sababu ndiyo safari yako ndefu kuliko zote na ndiyo inayoonyesha tatizo lote. Mwezi wa Mfunguo Sita, ndio wa Maulidi, haufuati misimu ya upepo. Kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja hivi katika kalenda ya kawaida. Miaka hii unaangukia Agosti, na ifikapo 2030 utakuwa Julai, kusi limekolea. Kwenda Lamu wakati huo ni raha, unajua mwenyewe: upepo nyuma, mkondo nyuma, mashua inajiendea. Shida ni kurudi. Wazee waliokuwa na jahazi walikaa kule wakingoja upepo ugeuke, wakafanya biashara zao, wakarudi na kaskazi, upepo wa kaskazini. Wewe una mke anayetaka kurudi nyumbani wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo chombo chochote utakachonunua, kipime kwa safari ya kurudi kutoka Lamu mwezi wa Julai. Ya kwenda haihitaji kupimwa, hata dau litafika.

Sasa tupige hesabu. Kutoka Mkokotoni mpaka Lamu ni karibu maili 240 za baharini ukienda moja kwa moja. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua nguvu sana, na wakati wa kusi hukaza mpaka ukafika noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, mahala pengine. Tuuchukulie kuwa noti 2 tu kwa wastani, tusijitishe. Chukua boti ya dizeli ya tani kumi hivi, inayokwenda noti 7 na kula lita 8 kwa saa. Kwenda, inapata noti 7 zake na 2 za mkondo: noti 9, saa 27, lita 215. Kurudi, mkondo unakula 2: zimebaki noti 5, saa 48, lita 385. Boti ni ile ile na maili ni zile zile, lakini mafuta yanakaribia kuwa maradufu, na badala ya siku moja na kidogo unalala baharini siku mbili nzima. Na hapo sijahesabu mawimbi ya mbele ya uso, ambayo yatakula noti moja nyingine siku upepo ukiwa mkali.

Ndiyo maana nawaambia watu wa tanga: sahau kuhesabu mafuta kwa maili. Hesabu kwa saa. Mashine haijui umefika wapi, inajua imekaa ikifanya kazi muda gani. Mtu aliyezoea kusema "Lamu ni tangi moja" kwa sababu alikwenda kwa tangi moja, ndiye atakayezimikiwa nje ya Kilifi wakati wa kurudi.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo wauzaji hawalisemi. Boti inayolima maji ina mwisho wa mwendo wake, na mwisho huo unatokana na urefu wa sehemu iliyozama majini. Chombo chenye mita 10 majini kinaishia karibu noti 7 na nusu. Kinapokwenda kinatengeneza wimbi lake chenyewe, na ukikilazimisha zaidi ya hapo kinaanza kupanda mgongo wa wimbi hilo. Tezi, yaani nyuma, inazama, omo, yaani mbele, inainuka, moshi unakuwa mweusi, na mafuta yanamwagika bila faida. Ile boti ya noti 7 kwa lita 8, ukiipunguza mpaka noti 6 inaweza kula lita 5 tu. Ukiisukuma noti 8 itadai 15. Kurudi kutoka Lamu kwa noti 6: saa 60, lita 300. Kwa noti 8: saa 40, lita 600. Umelipa lita 300 za ziada kununua saa 20. Pengine kuna siku utataka kuzinunua, mgonjwa akiwa ndani kwa mfano, lakini uzinunue kwa kujua bei.

Tangi basi liwe la kiasi gani? Chukua mguu mgumu kuliko yote, yaani kurudi, ongeza nusu yake. Kwa boti hii ni lita 600 kwa uchache. Waweza kujaza Lamu na Mombasa, ndiyo, na mimi mwenyewe ningekushauri usirudi kwa mkupuo mmoja. Teremka kwa vituo: Malindi ya Kenya, Kilifi, Mombasa, kisha Wasini na Tanga, ndipo uvuke kuja Mkokotoni. Karibu na nchi mkondo huwa mpole kuliko nje, na usiku wa manane mpaka alfajiri upepo wa kusi mara nyingi hulegea karibu na pwani. Ondoka saa tisa za usiku, na kwenye miguu mifupi uwe umetia nanga kabla upepo wa adhuhuri haujakaza. Kwa tanga usingeweza kufanya hivyo. Upepo ukilala na wewe umelala. Hapa ndipo mashine inapokupa kitu cha kweli: inakuwezesha kusafiri wakati bahari imetulia. Kwa mtazamo wangu faida hiyo ni kubwa kuliko ya kasi.

Sasa ile boti ya mwanao. Simlaumu, kijana anaona boti za watalii zikiruka kutoka Nungwi kwenda Mnemba na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mashine mbili za farasi 200 zikiwa kwenye mwendo mzuri, noti 22, zitakula kama lita 80 za petroli kwa saa zote mbili. Kwenda Lamu na mkondo nyuma ni saa 10, lita 800. Lita 800 za petroli ni uzito wa karibu kilo 600 kabla hujapakia mtu wala sanduku, na boti ya aina hiyo inataka wepesi ili ipande juu ya maji. Halafu utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unasema mawimbi yatafika mita 2, jambo la kawaida kabisa mwezi wa Julai. Kwa mawimbi hayo huendi noti 22. Utapunguza mpaka 10 au 12, boti itashuka kutoka juu ya maji lakini haijakaa vizuri ndani yake, na hiyo ndiyo hali ambayo boti ya kuruka inakula mafuta mengi kuliko zote kwa kila maili. Hesabu yako yote ya tangi inavunjika mbele ya macho yako, na nyuma hakuna pa kurudi kwa sababu mkondo umekuchukua.

Petroli yenyewe ina hatari yake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, na cheche moja ya betri inatosha. Kwa mwendo wa saa moja na chombo kilicho wazi si neno. Kwa familia inayolala ndani usiku mbili na jiko linawashwa, mimi siitaki.

Na umbo. Boti ya kuruka ina tezi pana na bapa, kwa sababu ndiyo inayoiinua. Ukitoka Ras Nungwi kuvuka kwenda Pemba wakati wa kusi, ile nafasi ya wazi kati ya visiwa viwili inaingiza wimbi la bahari kuu, linakuja nyuma yako upande wa kulia. Linainua tezi pana ile, omo inachimba, na chombo kinataka kugeuka ubavu. Kijana mwenye mkono mwepesi wa gesi ataimudu mchana. Mtu wa miaka 63, saa ya kumi usiku, amechoka, mvua inanyesha, asiwekwe kwenye mtihani huo. Tunakumbuka sote MV Skagit, iliyozama na abiria wake 18 Julai 2012, karibu na Chumbe. Ilikuwa meli iliyotumika Marekani kwenye maji ya ndani yaliyokingwa na nchi, katika jimbo la Washington, ikaja kufanya kazi katika bahari ya kusi baina ya Dar es Salaam na Unguja. Sitaki kupima msiba wa watu kwa sentensi moja. Nasema tu kwamba swali la kwanza kwa chombo chochote kilichotoka nje ni hili: kilijengwa kwa maji gani?

Tuje kwenye boti ya dizeli, nayo nisiisifu kupita kiasi, maana ina jambo ambalo litakushtua siku ya kwanza. Itayumba. Mashua yako ikipata upepo inalalia upande mmoja na kutulia pale. Tanga linaishika, mlingoti mrefu unaizuia isirukeruke, farumi, ule uzito wa kuituliza, iko chini. Ondoa tanga na mlingoti, weka chumba juu, na wimbi likija ubavuni chombo kitakwenda mrama kulia na kushoto bila kupumzika. Watu waliokaa baharini miaka thelathini bila kutapika wametapika kwenye boti za mashine. Mkeo umwambie mapema, ili asidhani amezeeka ghafla.

Dawa zipo. Ya kwanza ni hilo tanga dogo nililolitaja, mita za mraba 8 au 10 zinatosha, limevutwa demani yake, kamba ya kulivutia, ikakaza katikati. Kazi yake kubwa ni kushika hewa na kupunguza kuyumba. Halikusukumi sana, ingawa upepo ukiwa nyuma litakupa noti 2 au 3 mashine ikiwa imezimika, na noti 2 kuelekea unakotaka ni tofauti kubwa na kupeperuka. Ya pili, uzito uwe chini: matangi ya maji na mafuta chini ya sakafu, na usikubali mtu akushawishi kujenga baraza la pili juu ya paa kwa ajili ya kupunga upepo. Ya tatu, mikuku midogo miwili ubavuni, ambayo fundi mzuri anaweza kuiongeza boti ikiwa juu.

Hapo napenda nikae kidogo, kwa sababu suala la kuipandisha boti nchi kavu ndilo linaloamua ununue mashine moja au mbili. Wewe na mashua yako mmezoea bamvua, maji makubwa. Maji yanapishana karibu mita 4, unaingia nayo ufukoni maji yakijaa, unatia magadi ubavuni, nguzo za kuiegemeza, maji yanakupwa, unasugua tumbo, unaziba panapovuja, unapaka, na maji yakirudi unaelea. Hulipi mtu. Boti yenye panga mbili zinazoning'inia wazi chini haiwezi kufanya hivyo. Itakalia panga zake, shafti ipinde, na kuanzia hapo kila usafi wa tumbo ni kutafuta chelezo na kulipa. Tumbo likiota chaza na majani, ile noti 7 kwa lita 8 unaipata kwa lita 11 au 12. Boti yenye shafti moja katikati, panga likiwa nyuma ya mkuku mrefu na chuma kimepita chini yake kushika usukani, itakaa mchangani kama mashua yako ilivyokaa. Tena mkuku huo ndio utakaosukuma kando kamba za nyavu na kamba za mwani kabla hazijafika kwenye panga. Si zote, lakini nyingi.

Utaambiwa kwamba mashine mbili ni usalama, moja ikifa ipo nyingine. Kwa mashine za nje kuna ukweli. Kwa dizeli mbili za ndani zinazonyonya tangi moja, kinachoua ya kwanza kwa kawaida kitaua ya pili muda mfupi baadaye, na kitu hicho ni mafuta machafu.

Hili nakuomba ulisome polepole. Boti imekaa nangani miezi mitatu, bahari shwari. Ndani ya tangi maji yamekusanyika chini, matone ya unyevu wa hewa yetu hii ya pwani, na baina ya maji na dizeli vimeota vijidudu vinavyofanya ute mweusi. Mashine inawaka, inakwenda, hakuna dalili, kwa sababu uchafu umelala. Siku unavuka kwenda Wete na wimbi la mita moja na nusu, tangi linatikisika, ute unanyanyuka na kuingia kwenye filta. Mashine inaanza kupumua: inapanda, inashuka, inapanda. Baada ya dakika chache inazima. Imezima siku ile mbaya kwa sababu ni siku mbaya ndiyo iliyotikisa tangi. Na baina ya Pemba na bara kina kinafika mita 800, kwa hiyo usitegemee nanga. Utabebwa kuelekea kaskazini huku unatafuta spana.

Kwa hiyo kabla ya kununua, nenda kwenye chumba cha mashine na tochi. Tafuta filta ya kutenganisha maji, ile yenye kikombe cha kioo chini. Fungua kizibo cha chini, mimina kidogo kwenye glasi nyeupe, iweke ikae. Dizeli safi inang'aa, unaona kidole chako upande wa pili. Ukiona maji yamejitenga chini, si tatizo kubwa, yanatolewa. Ukiona vipande vyeusi vinaelea kama majani ya chai, tangi hilo linataka kufunguliwa na kusafishwa kwa mkono, na bei ipungue kwa kiasi hicho. Kama tangi halina mlango wa kuingiza mkono, mwambie muuzaji akate mlango, au uache.

Ukishaichukua, weka filta mbili sambamba zenye bomba la kugeuzia, ili moja ikiziba ugeuze nyingine bila kuzima. Mafuta ya madumu usiyamwage moja kwa moja: yaache yatulie usiku kucha, umimine kupitia chujio, na kile cha mwisho kwenye dumu kibaki humo humo. Tangi lijae wakati boti imekaa, pasiwe na nafasi ya hewa yenye unyevu. Kisha jifunze kutoa hewa kwenye njia ya mafuta. Ni nati mbili tatu tu na pampu ndogo ya mkono, lakini ujifunze boti ikiwa nangani Mkokotoni, uirudie mpaka uifanye kwa kupapasa gizani. Mkeo naye ajifunze. Mtu wa tanga anajua kushona tanga lililopasuka akiwa njiani. Hii ndiyo sindano yako mpya.

Baada ya mafuta ni maji ya kupoza. Mpira unaosukuma maji ya chumvi, ile impela, badilisha kila mwaka hata kama unaonekana mzima, na uwe na mwingine mkavu ndani ya kasha. Chujio la maji ya bahari lifunguliwe kila baada ya kupita maeneo ya mwani. Tangu kilimo cha mwani kianze kwetu mwaka 1989 mwambao umejaa mwani uliokatika unaoelea na vipande vya kamba za nailoni, na chujio lililojaa mwani linaua mashine kwa joto katika dakika chache. Ukiwasha, kabla hujang'oa nanga, chungulia tezini uone maji yanatoka na moshi. Ukiwa njiani chungulia tena kila mara. Vipande vya zinki vinavyokinga shafti isiliwe na maji ya chumvi, vikiliwa nusu, badilisha.

Ununuzi wenyewe niupitie haraka. Ukienda kuiona, fika bila kutoa taarifa ya saa, ushike mashine kwa kiganja: iwe baridi. Mwenye boti anayekupashia moto mashine kabla hujafika ana sababu. Moshi mweupe kidogo ikiwaka baridi si neno, uishe. Wa buluu ni oili inaungua. Mweusi kwenye mwendo wa kawaida ni panga kubwa mno, tumbo chafu au nozeli. Iendeshe saa nzima na mzigo, uangalie joto na oili mwishoni, sio mwanzoni. Saa zilizoandikwa kwenye kioo zisikupofushe. Dizeli iliyofanya kazi saa 5,000 na kutunzwa ni bora kuliko iliyokaa miaka kumi bila kuwashwa. Faiba igonge kwa nyundo ndogo kila shubiri, sauti ikibadilika kuwa butu, hapo huenda maji yameingia.

Karatasi unazijua. Chombo kinasajiliwa na kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na kwa kuwa unaingia Kenya, taratibu za kutoka na kuingia ni zile zile ulizozizoea. Redio ya VHF isikose, isikilize chaneli 16. Majaketi ya kuokolea yawe ya kila mtu, na ya watoto yawe ya saizi ya watoto.

Jambo moja la mwisho ambalo hukuniuliza. Kwa tanga, nusu ya ubaharia wako uko masikioni. Unasikia mwamba unavyovunja mawimbi gizani kabla hujauona, unasikia ngarawa ikikusemesha, unasikia upepo ukigeuka. Dizeli itakunyang'anya masikio hayo, na hutatambua kuwa yametoka kwa sababu utakuwa umezoea kelele. Wavuvi wa karabai utawaona kwa taa zao, lakini aliyetega wavu wa jarife na kulala ndani ya ngarawa bila taa humuoni wala humsikii, naye hana uwezo wa kukukwepa. Usiku jiwekee desturi: kila saa punguza mashine mpaka chini kabisa, toka nje ya chumba, simama omoni, usikilize dakika mbili tatu. Weka gia huru. Ukikaribia Tumbatu au miamba ya Misali, fanya mara nyingi zaidi. Ramani ya kwenye kioo itakuonyesha mwamba ulipo, ila jarife lililotegwa jioni hiyo halimo.

Mashua usiiuze mwaka huu. Inunue boti sasa katika tangambili, majira ya upepo kugeuka, uizungushe Pemba na Tanga, uivushe kusi moja zima ukiwa unaijua, ndipo uamue. Mwanao mpe kazi ya mashine, aijue kila nati, kwa sababu ndiye utakayemwachia. Na ukipata boti uliyoipenda, niandikie mambo matatu: urefu wa sehemu iliyozama majini, uzito wake, na ujazo wa tangi. Nitakupigia hesabu ya kurudi kutoka Lamu kwa boti hiyo hiyo, kabla hujatoa arubuni.